Mama Martha na Wikiendi ya Hong Kong

Ukifika stesheni ya Tabora na kifurushi chako, ukauliza ni nani atakayekufikishia Kaliua salama, hawatakutajia ofisi. Watakwambia, "Msubiri Mama Martha." Ndivyo ilivyo. Josepha, mjane wa marehemu Alois, mkazi wa Isevya, amepanda treni ya Kigoma mpaka makondakta wanamwamkia kwanza ndipo waulize tiketi. Kichwani ana mzigo, mkononi ana mzigo, mgongoni ana mzigo. Dawa ya mgonjwa, mbegu za mahindi, asali ya shughuli, suruali ya bwana harusi iliyosahaulika kwa fundi. Vyote ni vya watu. Vya kwake ni kitenge cha kujifunika na chupa ya maji.

Na hafungui. Hilo ndilo lililompa jina. Umkabidhi mzigo uliofungwa kwa kamba ya katani, utafika na fundo lako lile lile. Haulizi kuna nini, hatikisi, hanusi. Baba yake, Mzee Mahona, alipenda kujigamba kwamba babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi, na hakuna hata mmoja aliyelegeza kamba ya mzigo. Josepha alikua akiyasikia hayo mpaka yakamwingia kwenye damu. Kwake yeye, mtu anayefungua mzigo wa mwenzake hana tofauti na mtu anayeingia chumbani kwa mwenzake bila hodi.

Mtoto alimpata mmoja tu, huyo Martha. Msichana mchangamfu, ana macho ya kutaka kujua kila kitu, hatulii. Alipokuwa darasa la tatu, mama yake alimchukua likizo wakaenda naye Kaliua. Njiani Josepha akasinzia kidogo. Kushtuka, anamkuta mtoto amefungua kifurushi cha bibi mmoja wa Kaliua, ana kashata mdomoni. Weee! Josepha alimchapa kwa kandambili mle mle kwenye behewa, mbele za abiria, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Walipofika akampigisha magoti kwa yule bibi aombe radhi. Yule bibi akacheka, akasema, "Mwache mtoto, mama, ni kashata tu." Josepha hakucheka. Tangu siku hiyo Martha hakugusa tena kifurushi chochote, na mama yake akajisifu kwa majirani kwamba amemnyoosha mapema.

Sasa sikia balaa lilikotokea.

Martha alikwenda Dar, akapata kazi saluni. Mteja mmoja, mwanamke wa marashi na tabasamu, akamwambia, twende Hong Kong ukanisaidie kubeba bidhaa, na wewe utembee kidogo. Kijana gani angekataa? Siku ya kuondoka yule mwanamke akapata udhuru, akasema atafuata, akampa sanduku atangulie nalo. Martha akatangulia. Kule alikoshukia, askari wakapasua kitambaa cha ndani cha sanduku, wakakuta dawa za kulevya. Yule mwanamke wa marashi mpaka leo hajulikani alipo. Martha amefungwa, na kifungo chenyewe ni cha kumchukua mtu msichana kikamrudisha na mvi.

Habari hizo zilimfikia Josepha kupitia kwa Sista Imakulata wa parokiani, ambaye ana masista wenzake kule wanaotembelea wafungwa. Walileta na ujumbe wa Martha: "Mwambieni mama sikujua. Ulikuwa mzigo wa mtu." Sista alieleza pia kwamba hata mahakamani Martha alisema hayo hayo, na hakimu hakumwamini. Mtu mzima, amesoma, abebe sanduku nusu ya dunia asilifungue? Haiwezekani.

Na hapa ndipo palipokuwa na kidonda cha Josepha, kidonda ambacho hata padri hakumwonyesha. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Mchana anaamini, akijilaza anaanza kuhesabu mambo. Martha si ndiye aliyefungua kile kifurushi cha kashata? Mtoto yule mwenye macho ya kudadisi, apewe sanduku zito namna ile asichungulie hata kidogo? Au alichungulia, akaona, akafumba macho kwa tamaa? Mama anajiuliza swali hilo juu ya mwanawe mwenyewe, kisha anajichukia kwa kujiuliza. Hakutaka kitu kingine duniani ila kukaa mbele ya Martha, amtazame usoni, amuulize: ulijua, hukujua? Uso wa mwanawe anaujua. Jibu angelipata kabla mdomo haujafunguka.

Mtaani, bila shaka, hakuna aliyeambiwa. Mtaani Martha anafanya kazi hotelini huko Hong Kong. Josepha aliuanza uongo huo siku moja kwa kubanwa na maswali, kisha ukamshinda kuusimamisha. Dukani kwa Issa, muuza vifaa vya ujenzi, kulikuwa na kalenda yenye picha ya bandari ya Hong Kong: maghorofa yamebanana, meli zimejaa, taa kila mahali. Basi hoteli ya Martha ikawa pale pale kwenye kalenda. "Chumba chake kinatazama bandari," Josepha aliwaambia. "Akifungua dirisha, meli hizo." Watu wakaguna kwa kustaajabu. Yeye akienda kununua misumari anaitazama ile picha kama mtu anayetafuta nyumba yake.

Ndipo Sista Imakulata akaja na habari.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu Sista."

"Mama Martha, kaa chini. Wale wenzangu wamepata mfadhili. Utakwenda kumwona Martha."

Josepha alikaa, na ilikuwa bahati kwamba kigoda kilikuwa karibu. Sista akamweleza mipango yote. Ataondoka Dar Alhamisi, afike Ijumaa, apumzike kwa masista. Jumamosi ndiyo siku iliyokubaliwa gerezani: nusu saa, kioo katikati, wanaongea kwa simu. Jumapili misa, halafu uwanja wa ndege. Wikiendi basi. Mfadhili ni wa mara moja, hakuna nyingine.

"Nusu saa," alisema Josepha.

"Nusu saa, mama."

"Inatosha. Mimi nina swali moja tu."

Sista alitoa simu yake akamwonyesha picha za mji, akasema Jumamosi jioni masista watampeleka kivukoni, apande kivuko avuke bandari, aone maghorofa. Josepha alitazama, akaona ni ile ile kalenda ya Issa. "Bahari nitaitazamia nini, Sista?" alisema. Lakini moyoni akaona, haya, nitaitazama, nisije nikaulizwa huku nikakosa la kusema.

Na Sista alimwonya jambo moja, akalirudia kama anamfundisha mtoto katekisimu. "Usibebe kitu cha mtu. Hata kama ni pipi. Umesikia?"

"Sista! Mimi wa kuambiwa hilo leo?"

"Wewe ndiye hasa wa kuambiwa."

Mpango wa siri Tabora hauna maisha. Alipokwenda kuchomwa sindano ya safari, muuguzi akamwambia dada yake, na dada yake ana kibanda sokoni. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulijua. Jamani, alitaniwa! "Mama Martha, wikiendi Hong Kong! Sisi wenzio wikiendi ni Ntalikwa kupalilia karanga!" Shamila mwuza mitumba akataka nywele za bandia, Gerson fundi baiskeli akataka simu, mwingine akataka apigwe picha kwenye dirisha la Martha lile la meli. Josepha alicheka nao mpaka mashavu yakamuuma, kisha akaingia ndani akafunga mlango akalia.

Wengine walikuja na vifurushi, maana wapo watoto wa Tabora wanaofanya biashara ya simu kule. Hapo alikaza. "Ndege hawaruhusu," akasema. "Wamenikataza kabisa." Watu walishangaa. Mama Martha anakataa mzigo? Lakini ndege si treni, wakamwelewa, wakarudi na vifurushi vyao. Alikuwa amepanga kila kitu. Sweta la kuazima, rozari, viatu vilivyochakaa vizuri visimchune. Kila mtu alikuwa ameshampangia jibu. Mmoja tu hakumfikiria.

Asmahani ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mjane kama yeye, anashona kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono, na mwanawe ni mmoja wa wale wa biashara ya simu Hong Kong. Wao wawili wamezikiana waume, wamelishiana watoto, sikukuu ya huyu ni sikukuu ya yule. Na katika mtaa ule wote, Asmahani ndiye pekee ambaye hakuwahi kuuliza lolote kuhusu hoteli ya Martha. Watu wakiuliza mshahara, yeye anabadilisha mazungumzo. Josepha alimshukuru kwa hilo bila kumwambia.

Siku ya safari, stesheni imejaa, treni imeshapiga honi, Josepha ana mguu mmoja ngazini. Asmahani akaja anahema, baibui linapepea, mkononi ana kopo la maziwa ya unga lililofungwa kitambaa na kushonwa juu kwa uzi.

"Shoga, nusura nikukose! Mpelekee mwanangu Abdulatifu. Nimeshampigia, atakufuata huko huko kwa masista."

"Asmahani, ndege..."

"Kadogo tu, shoga. Vitu vyake alivyozoea."

Watu wanatazama. Wale wale aliowanyima wako pale wamekuja kumsindikiza. Josepha alitaka kusema siwezi. Na Asmahani angeuliza, kwa nini? Na sababu yenyewe ilikuwa Martha. Angeanzia wapi, juu ya ngazi ya treni, mbele ya umati? Alitaka kusema basi niambie mna nini. Lakini wapi! Maisha yake yote hajawahi kumuuliza mtu swali hilo, ndiyo aanze na Asmahani? Ni sawa na kumwambia, wewe nakushuku. Treni ikajongea. Akalipokea kopo.

Njia nzima mpaka Dar kopo lilikuwa mapajani mwake. Kuna wakati alishika ule uzi kwa kidole na ukucha. Mshono mzuri, wa mkono wa kofia. Akauacha. Ee, mwanamke huyu! Yamemkuta yaliyomkuta, bado anauacha! Unataka kumtikisa mabega. Lakini mkono uliokatazwa miaka yote hiyo haujifunzi ndani ya treni.

Sista mwenyeji wa Dar alimshusha mlangoni pa uwanja wa ndege Alhamisi mchana, akamwombea, akaondoka. Ndani, foleni ilikwenda vizuri mpaka Josepha alipofika kwa afisa mmoja wa kike, kijana, nadhifu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Safari ya wapi?"

"Hong Kong."

"Unakaa muda gani?"

"Wikiendi tu. Jumapili narudi."

"Wikiendi." Afisa alilirudia neno hilo polepole. "Umewahi kusafiri nje?"

"Hata Zanzibar sijawahi."

"Nani kakukatia tiketi?"

"Masista wa huko."

"Na huko unamfuata nani?"

Hapa, msomaji, ndipo angesema kweli. Karatasi ya Sista yenye maelezo ya gereza ilikuwa kwenye mkoba, chini ya rozari. Lakini uongo alikuwa ameusema miaka, ulikuwa mbele mdomoni, ukatoka wenyewe.

"Binti yangu. Anafanya kazi hotelini."

"Hoteli gani?"

"Ile... inayotazama bandari."

"Jina lake?"

Josepha alifungua mdomo. Kalenda ya Issa haikuwa na jina la hoteli.

"Sawa mama. Mizigo hii umeifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na hilo kopo?"

"Hilo la mtu. Nampelekea mtoto wake."

"Lina nini?"

"Sijui," alisema Josepha. "Ni mzigo wa mtu."

Aliyasikia maneno hayo yakitoka kwake. Alimwona afisa akiyapokea, uso ule wa heshima ukijifunga kama dirisha la duka. Martha alisimama hivi. Mbele ya mtu kama huyu, kwa lugha ya watu, akasema maneno haya haya, na uso ukafungwa hivi hivi.

Wakampeleka chumba cha pembeni. Sasa alisema kweli, yote, haraka haraka, akiitoa ile karatasi mkobani: mwanangu yuko gerezani, nakwenda kumwona, nusu saa, Jumamosi. "Gerezani kwa kosa gani?" akaulizwa. "Dawa za kulevya," akajibu, kwa sababu ndiyo kweli. Maafisa wakatazamana. Mwanamke wa mkoani, pasi mpya, tiketi ya kukatiwa na watu, siku mbili Hong Kong, uongo wa kwanza, binti mfungwa wa dawa, kopo lililoshonwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Walikata uzi. Ndani ya kopo mlikuwa na vijifurushi vya nailoni vilivyofungwa vizuri kimoja kimoja, na ndani yake unga wa kahawia. Josepha aliponusa tu akajua, mtu wa Tabora atakosaje kujua? "Ugoro!" akapiga kelele. "Ni ugoro wa kunusa, wanangu, tumbaku ya Goweko!" Wakamwambia, sawa mama, vipimo vitasema. Simu wakaichukua. Wakamweka kwenye chumba chenye choo cha ndoo, askari wa kike akimsubiri ajisaidie, waone kama amemeza kitu. Mwanamke wa umri ule, mama wa parokia! Alisikia ndege zikiruka moja baada ya nyingine, hakujua ipi ni yake.

Jumamosi mchana wakamfungulia. Vipimo vilitoka: ugoro. Tumboni: hakuna kitu. Yule afisa nadhifu alimrudishia kopo, wamelizungushia utepe wa gundi, akasema, "Pole sana mama. Ni kazi."

"Umeniamini sasa?" aliuliza Josepha.

"Maabara wametoa majibu, mama."

"Sikuulizi maabara. Nakuuliza wewe. Niliposema sijui, uliniamini?"

Afisa aliangalia pembeni. "Kila anayekaa kwenye hicho kiti anasema hajui," akasema.

Hong Kong saa hizo ilikuwa jioni. Kabla ya treni ya kurudi Sista alimwambia kwa simu kwamba Martha aliletwa kwenye kioo, amechana nywele, akakaa nusu saa yake yote akiangalia kiti kitupu, kisha akarudishwa.

Treni iliporudi Tabora watu walikuwa wachache stesheni, maana hakuna aliyemtegemea mapema hivyo. Asmahani alikuwapo; Sista alikuwa amemdokezea kwamba safari imekwama kwa sababu ya kopo, basi, hakusema zaidi. Alimkimbilia anatokwa na machozi.

"Shoga yangu, nisamehe! Kwa ugoro? Kweli kwa ugoro? Mtoto kanisumbua, wa huko haumzibui pua. Niliona haya tu kuutaja mbele za watu." Akamshika mikono yote miwili. "Lakini na wewe, Mama Martha, jamani, si ungefungua tu? Ningekasirika nini mimi?"

Josepha alimtazama. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya stesheni, kitenge kimemdondoka, kopo limebingirika kando.

"Nilimchapa kwa kufungua," alisema.

"Nani?"

"Martha. Kwa kashata moja. Mwenye kifurushi anacheka, mimi nachapa."

"Mama Martha, unasema nini?"

Akasema yote. Gereza, sanduku, yule mwanamke wa marashi, kioo, kiti kitupu. Alisema kwa sauti, Gerson fundi baiskeli amesimama pale, wapagazi wamesimama, hakujali. Hoteli ya kalenda iliisha siku ile mbele ya watu wote.

"Hakujua," alisema, akipiga sakafu kwa kiganja. "Mwanangu hakujua, Asmahani. Mimi ndiye niliyemfundisha asijue. Halafu nafunga safari, napanda treni, nakwenda kumuuliza!"

Asmahani alivua mtandio wake akamfunika shoga yake kichwani, watu wasimwone akilia, akamwinua taratibu wakaenda nyumbani.